Mtawala Aliondoka, Nidhamu Ikabaki

Kaulimbiu iliyosikika kuanzia Tunis hadi Sanaa katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2011 ilikuwa na maneno manne tu ya Kiarabu, ash-shaab yurid isqat an-nizam, na tafsiri yake ya kawaida ni kwamba wananchi wanataka utawala uangushwe. Neno la mwisho la kaulimbiu hiyo linastahili kumsimamisha msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa ndilo lililoingia katika lugha yake likawa nidhamu, na ndugu yake nadhamu, yaani utungo wa mashairi, limetoka katika shina hilo hilo. Kiswahili kilichukua upande mmoja wa maana, ule wa utii wa mwanafunzi na mstari ulionyooka wa askari wa gwaride, ilhali katika Kiarabu neno hilo limebaki na upana wake: shina lake linahusu kutunga shanga au lulu katika uzi, hivyo nizam ni jumla ya vitu vilivyounganishwa na kitu kimoja kisichoonekana kwa urahisi. Rais ni ushanga mmoja, hata kama ni mkubwa kuliko yote. Polisi wa siri, majenerali, mahakama, benki za serikali, chama tawala na wafanyabiashara wa karibu na ikulu ni shanga nyingine, na uzi ni ule utaratibu unaozifanya zitegemeane.

Waandamanaji walitamka neno pana, lakini walichokipata mara nyingi kilikuwa chembamba. Kati ya mwaka 2011 na 2019 wakuu sita wa nchi za Kiarabu waliondoka madarakani kutokana na vuguvugu la umma: Zine El Abidine Ben Ali wa Tunisia, Hosni Mubarak wa Misri, Muammar Gaddafi wa Libya, Ali Abdullah Saleh wa Yemen, Abdelaziz Bouteflika wa Algeria na Omar al-Bashir wa Sudan. Katika kila nchi swali lililoamua yaliyofuata lilihusu aliyekuwa ameshika uzi baada ya ushanga mkubwa kudondoka, na wingi wa watu uwanjani haukuwa na jibu la swali hilo.

Tunisia ndiyo nchi ambako jibu lilikuwa na nafuu zaidi, na sababu zake zilikuwapo muda mrefu kabla ya tarehe 17 Desemba 2010, siku ambayo Mohamed Bouazizi, muuza matunda na mboga mwenye umri wa miaka 26 katika mji wa Sidi Bouzid, alijichoma moto baada ya mizani yake kuchukuliwa na maofisa wa manispaa. Sidi Bouzid iko bara, mbali na fukwe ambazo watalii wa Ulaya walizijua, na mpasuko kati ya pwani iliyopewa hoteli, barabara na viwanda na bara iliyoachiwa zeituni, fosfati na ukosefu wa ajira ulikuwa umekwisha kutoa moshi mwaka 2008, pale wakazi wa bonde la migodi la Gafsa walipoandamana kwa miezi kadhaa wakipinga upendeleo katika kuajiri. Moto wa 2010 ulifuata njia hiyo hiyo ya bara, ukapita Thala na Kasserine ambako polisi waliua vijana wengi, kabla ya kuufikia mji mkuu.

Kilichoubeba moto huo hadi pwani kilikuwa Umoja Mkuu wa Wafanyakazi wa Tunisia, unaojulikana kwa kifupi chake cha UGTT, chama kilichoundwa mwaka 1946 wakati wa ukoloni wa Kifaransa na chenye matawi karibu kila wilaya. Viongozi wake wa juu walikuwa wamezoea kuelewana na ikulu, lakini walimu na watumishi wa posta waliokuwa wakiongoza matawi ya mikoani walifungua milango ya ofisi zao kwa vijana, wakaitisha migomo mkoa baada ya mkoa, na mgomo wa Sfax wa tarehe 12 Januari 2011 ukaonyesha kwamba mji wa pili wa nchi umekwisha kuondoka mikononi mwa serikali. Siku mbili baadaye umati ulijaa mbele ya Wizara ya Mambo ya Ndani katika barabara ya Habib Bourguiba, na jioni Ben Ali akapanda ndege kwenda Saudi Arabia baada ya miaka 23 ya kutawala. Jeshi halikumwokoa, nalo halikuwa na deni la kumlipa, kwa maana Ben Ali alitegemea polisi na kuliacha jeshi likiwa dogo, lisilo na miradi ya biashara wala sauti katika siasa.

Chama hicho cha wafanyakazi ndicho kilichoiokoa nchi mara ya pili. Mwaka 2013, baada ya wanasiasa Chokri Belaid na Mohamed Brahmi kuuawa kwa risasi na chama cha Ennahda chenye mwelekeo wa Kiislamu kukabiliana na wapinzani wake hadi bunge likasimama, UGTT iliungana na umoja wa waajiri, shirika la haki za binadamu na chama cha mawakili kuwakalisha wote katika meza moja. Matokeo yalikuwa katiba ya Januari 2014, serikali ya mpito isiyo ya chama, na Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2015 kwa taasisi hizo nne.

Hata hivyo katika katiba ile iliyosifiwa kulikuwa na chumba kilichobaki bila mtu. Ilitaka Mahakama ya Katiba yenye majaji 12 iundwe ndani ya mwaka mmoja, theluthi yao wakichaguliwa na bunge kwa kura za theluthi mbili, na wabunge, kila kambi ikiogopa jaji wa kambi nyingine, walifanikiwa kumpata mmoja tu. Kwa hiyo usiku wa tarehe 25 Julai 2021, Rais Kais Saied, mwalimu wa sheria ya katiba aliyechaguliwa mwaka 2019 kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura, aliposimamisha bunge akitaja kifungu cha hali ya hatari, hapakuwa na chombo chenye mamlaka ya kusema kama kifungu kile kinaruhusu jambo lile. Watu wengi walitoka mitaani kushangilia. Muongo mmoja wa serikali zilizopokezana bila ajira kuongezeka ulikuwa umelifanya bunge kuwa taasisi inayochukiwa, na katika kiangazi kile korona ilikuwa ikiua bila kificho. Saied aliandika katiba mpya iliyopitishwa Julai 2022 katika kura iliyohudhuriwa na chini ya theluthi ya waliojiandikisha; uchaguzi wa bunge wa Desemba mwaka huo ulihudhuriwa na takriban asilimia 11 ya waliojiandikisha; na mwaka 2024 alirudi madarakani kwa asilimia 90, wakati baadhi ya wapinzani wake wakiwa gerezani. Hapo uzi ulirudi ikulu ukipitishwa na mtu aliyechaguliwa kihalali, na waliouacha wazi ni wale waliopewa kazi ya kuulinda.

Misri ina hadithi fupi zaidi, kwa kuwa aliyeshika uzi hakujificha. Jeshi lililompindua mfalme mwaka 1952 lilitoa marais wote hadi 2012, na kwa miongo hiyo lilijenga himaya ya kiuchumi inayotengeneza tambi, maji ya chupa, saruji na majokofu, ikitumia ardhi ya umma na wakati mwingine nguvu kazi ya vijana walioandikishwa kwa lazima. Katika miaka ya mwisho ya Mubarak, mwanawe Gamal na wafanyabiashara waliomzunguka walionekana kuandaa urithi wa kiti ambao usingepita kambini. Umati uliojaa uwanja wa Tahrir kuanzia tarehe 25 Januari 2011, ukidai aish, uhuru na haki ya kijamii, uliwapa majenerali nafasi ya kumwondoa mzee na mwanawe kwa mkupuo mmoja bila kuonekana waasi. Inafaa kusema hapa kwamba aish, ambalo katika Kiarabu cha Misri ndilo jina la mkate, linatokana na shina lililokipa Kiswahili vitenzi na nomino za kuishi, kwa hiyo dai la kwanza la Tahrir lilikuwa mkate na uhai katika neno moja.

Mubarak aliondoka tarehe 11 Februari. Mwaka 2012 Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu alishinda urais kwa tofauti ndogo, akatawala mwaka mmoja huku akiwaudhi hata waliompigia kura kwa shingo upande, na tarehe 3 Julai 2013, baada ya maandamano makubwa dhidi yake, Jenerali Abdel Fattah al-Sisi akatangaza kumwondoa. Wamisri waligawanyika mara moja juu ya neno: waliomuunga mkono Sisi walisema ni thawra, vuguvugu la umma linalobadilisha utawala, na waliompinga wakasema ni inqilab, unyakuzi wa madaraka unaofanywa na wanajeshi. Kiswahili kingewaondolea ugomvi huo, kwani huyaita yote mawili mapinduzi, ingawa ni vigumu kusema kama hiyo ni busara ya lugha au ni uvivu wake. Wiki sita baadaye, tarehe 14 Agosti, vikosi vya usalama vilivunja kambi ya wafuasi wa Morsi katika uwanja wa Rabaa mjini Cairo, na shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 817 waliouawa siku hiyo mahali hapo pekee. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2019 yalilipa jeshi kwa maandishi kazi ya kuilinda katiba yenyewe.

Libya, Yemen na Syria zilikwenda njia ambayo uzi ulikatika na shanga zikatawanyika, kila moja ikidaka bunduki na mfadhili wa nje. Rais Bashar al-Assad wa Syria alikimbilia Urusi Desemba 2024, miaka 13 baada ya watoto wa mji wa Daraa kukamatwa kwa kuandika ukutani, lakini aliyemkimbiza ni jeshi la waasi lililokuwa na mkoa wake, na umati wa 2011 ulikuwa umezikwa, umefungwa au umehama. Falme zilitumia mfuko na, ulipopungua, kifaru. Huko Oman, nchi ambako familia nyingi za Zanzibar na Mombasa zina ndugu, waandamanaji wa Sohar walioziba mzunguko wa barabara wenye sanamu ya dunia mwezi Februari 2011 walijibiwa kwa ahadi ya ajira 50,000, posho ya rial 150 kwa mwezi kwa wasio na kazi na mabadiliko ya mawaziri. Bahrain haikuwa na mfuko wa namna hiyo wala utulivu wa kimadhehebu wa Oman. Majeshi ya nchi jirani za Ghuba yaliingia tarehe 14 Machi, na siku nne baadaye mnara wa Lulu, ambao watu walikusanyika chini yake, ukabomolewa. Hata sarafu ya filsi 500 iliyokuwa na picha yake iliondolewa katika mzunguko, kana kwamba serikali ilihofia mnara ule ungeendelea kuitisha mikutano kutoka mifukoni mwa watu.

Wimbi la pili, lile la mwaka 2019, lilianza likiwa na kumbukumbu ya la kwanza. Waalgeria walioingia mitaani tarehe 22 Februari kumpinga Bouteflika, rais aliyepata kiharusi mwaka 2013 na ambaye katika sherehe za serikali aliwakilishwa na picha yake iliyotiwa fremu, waliyaita maandamano yao Hirak, neno ambalo Kiswahili kinalo katika umbo la harakati. Rais alipojiuzulu tarehe 2 Aprili hawakurudi nyumbani; waliendelea kila Ijumaa wakisema yetnahaw gaa, waondolewe wote, hadi korona ilipofanya mwaka 2020 kile ambacho polisi hawakuweza. Walilenga uzi, lakini hawakuwa na chombo cha kuushika, na jeshi likaandaa uchaguzi ambao wengi wao waliususia.

Ugumu wa namna nyingine ulionekana Baghdad na Beirut mnamo Oktoba mwaka huo. Tangu mwaka 2003 Iraq imeendeshwa kwa muhasasa, utaratibu wa kugawana wizara na ajira zake kwa mafungu ya Washia, Wasuni na Wakurdi, na Lebanon ina utaratibu unaofanana na huo tangu uhuru wake, ambapo rais huwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni na spika Mshia. Katika nchi za namna hii hakuna ushanga mkubwa wa kuudondosha. Waziri mkuu wa Iraq, Adil Abdul Mahdi, alijiuzulu baada ya mamia ya vijana kuuawa, na wa Lebanon, Saad Hariri, alijiuzulu ndani ya wiki mbili, bila vyama vilivyogawana dola kupoteza chochote cha maana. Kilichobaki katika kumbukumbu ya Baghdad ni bajaji. Madereva wake, vijana wa vitongoji maskini waliokuwa wakidharauliwa na wenye magari, ndio waliopenya moshi wa mabomu ya machozi katika uwanja wa Tahrir wa mji huo kuwabeba majeruhi ambao magari ya wagonjwa hayakuweza kuwafikia, na gazeti dogo lililochapishwa na waandamanaji likapewa jina la chombo chao, Tuktuk.

Sudan inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndiko waandamanaji walikoelewa vizuri kuliko wote walichokuwa wakikabiliana nacho. Walikuwa na historia ya kuwasaidia: vuguvugu la umma liliwaondoa watawala wa kijeshi Ibrahim Abboud mwaka 1964 na Jaafar Nimeiri mwaka 1985, na mara zote mbili majenerali walirejea baada ya miaka michache. Tarehe 19 Desemba 2018, bei ya mkate ilipopanda mara tatu, mji wa reli wa Atbara, wenye mila ndefu ya vyama vya wafanyakazi, ulichoma ofisi ya chama tawala. Umoja wa wanataaluma, uliokusanya madaktari, walimu, mawakili na wahandisi, ulianza kutoa ratiba za maandamano, na katika mitaa kamati za upinzani, yaani vikundi vya majirani vilivyokuwa vikijengeka kimyakimya tangu maandamano ya 2013 yaliyozimwa kwa risasi, zilihakikisha ratiba hizo zinafuatwa. Tarehe 6 Aprili 2019, siku ya kumbukumbu ya kuanguka kwa Nimeiri, umati ulifika makao makuu ya jeshi Khartoum ukakaa hapo.

Kambi hiyo iliyodumu karibu miezi miwili ilikuwa na utaratibu wake. Katika vizuizi vya kuingilia, vijana wa kike na wa kiume waliwapekua wageni huku wakiimba kwa mzaha kwamba inua mikono juu, upekuzi ni wa adabu. Na penye michango ya fedha kulikuwa na agizo lililojulikana na wote, kwamba mwenye nacho aweke na asiye nacho achukue. Bashir alipoondolewa tarehe 11 Aprili na waziri wake wa ulinzi kutangazwa mtawala, kambi ilikataa kuvunjika, na kesho yake waziri huyo naye akaondoka. Miongoni mwa kaulimbiu za siku hizo moja ilicheza na vina vya Kiarabu, nasr na Masr, ikimaanisha ama ushindi, ama Misri.

Hawakupata Misri, walipata jambo lililokuwa baya zaidi, na mzizi wake ulikuwa katika hila ambayo Bashir alijilinda nayo kwa miaka 30. Kwa kuogopa kupinduliwa na jeshi lake, aliwapa hadhi ya kisheria wanamgambo waliotisha Darfur, wakawa Vikosi vya Msaada wa Haraka, RSF, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana kama Hemedti, ambaye alijitajirisha kwa dhahabu na kwa kupeleka wapiganaji katika vita vya Yemen. Bashir alipoondoka, uzi wa dola ulikuwa na ncha mbili, moja mkononi mwa Jenerali Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi na nyingine mkononi mwa Hemedti, na kwa muda wote wawili walikubaliana jambo moja tu, kwamba raia wasiufikie. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2019, siku ya 29 ya Ramadhani, kambi ilivunjwa kwa risasi; kamati ya madaktari ilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa, baadhi ya miili ikiopolewa kutoka Mto Nile, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Kamati za mitaa zilipita nyumba kwa nyumba bila simu, na tarehe 30 Juni mamia ya maelfu walijaza barabara, jambo lililowalazimisha majenerali kutia saini hati ya kugawana madaraka mwezi Agosti, Abdalla Hamdok akiwa waziri mkuu.

Ubia huo ulidumu hadi tarehe 25 Oktoba 2021, Burhan na Hemedti walipoupindua. Kamati zikajibu kwa makatao matatu: hakuna majadiliano, hakuna ubia, hakuna uhalali. Mabalozi na wapatanishi wengi waliyaona makatao hayo kuwa ya kitoto, wakaendelea kutafuta makubaliano mapya na wenye bunduki, na ni makubaliano ya mwisho kati ya hayo yaliyoleta ugomvi juu ya muda wa RSF kumezwa na jeshi, jeshi likitaka miaka miwili na RSF ikitaka 10. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Zaidi ya watu milioni 10 wameyahama makazi yao, baadhi yao wakifika hadi Kampala na kambi ya Kiryandongo nchini Uganda, na athari zimeingia hata katika biashara ya chai: RSF na washirika wake walipotia saini hati ya serikali yao sambamba jijini Nairobi mwezi Februari 2025, serikali ya Burhan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, nchi ambayo Wasudani walikuwa wateja wake wakubwa wa majani ya chai.

Kamati za mitaa hazikufa. Khartoum ilipogeuka uwanja wa mapigano na mashirika ya misaada yakaondoka, vijana waliokuwa wakipanga maandamano walitumia orodha zile zile za kaya na makundi yale yale ya simu kuunda vyumba vya dharura, yaani vikundi vya kujitolea vinavyotafuta dawa, kutengeneza pampu za maji na kuwapikia watu. Jiko la namna hiyo huwa ni masufuria makubwa kadhaa uani, maharage au dengu, kuni wakati gesi imekosekana, na foleni ya watoto wenye vyombo vya plastiki. Wafanyakazi wake wamekamatwa na pande zote mbili, kila upande ukiwashuku kuwa wa upande mwingine. Mapema mwaka 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, mamia ya majiko yalifungwa. Mengine yaliendelea kwa fedha za Wasudani walio Ghuba na Ulaya, zinazotumwa kupitia programu ya simu ya benki iitwayo Bankak, ambayo katika mitaa isiyo na mtandao hufunguliwa kwa zamu kwenye kifaa kimoja cha setilaiti, kabla ya mtu kutumwa sokoni kununua dengu za siku hiyo.